Kutosha gemu mu kichwa mpaka iingie mu simu ya bantu: vile nilifanya hapa Goma

Bandugu na badada, bengi munaniulizaka swali moja tu: niko na wazo ya gemu, nianzie wapi? Nitabajibu na ile yenye nilimaliza mwenyewe, ya chukudu (ile trotineti kubwa ya mbao ya kubebea mizigo) yenye inatelemuka barabara ya Kibumba mpaka Goma na mifuko ya mashu. Mbele ya hiyo nilianzaka zingine tatu, hakuna hata moja ilifika mwisho, na zote zilikufa juu ya kitu moja, zilikuwa kubwa sana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukata. Wazo yangu ya mwanzo ilikuwa Goma muzima, Birere, soko ya Virunga, bandari ya Kituku, bamotari, Nyiragongo inawaka nyuma, kila mutu na kazi yake. Mutu moja na ordinateri moja hawezi, hata akeshe miaka. Jiulize hivi: kidole ya muchezaji inafanya nini? Kwangu kidole inakamata freni ao inaachilia, basi. Chukudu inakimbia yenyewe juu ni mutelemuko, ukikamata sana unafika soko imefunga, ukiachilia sana unapinduka kwenye mawe ya lava na mashu zinatapanyika barabarani. Njo gemu yote. Kama uko kwenye moto na huwezi kuelezea motari gemu yako mbele mufike rompwe ya Chukudu, ingali kubwa, kata tena. Byenye umekata usitupe, andika mu kaye, ukurasa wa nyuma kabisa.

Programu ya kutengeneza gemu, mimi natumika na Godot. Ni ya bure kabisa, hawakulipishe hata ukiuzisha gemu, iko nyepesi kupita zingine nyingi za aina yake na ukiisha kuishusha unatumika bila intaneti, jambo kubwa sana kwetu kwenye mega zinaisha mbele ya saa. Luga yake ya kuandika kodi inaitwa GDScript, inafanana na Python, luga ingine ya kodi. Huna ordinateri? Kuko Godot ya Android pia, inachosha macho lakini unaweza kujifunzia humo. Kitu moja: mafaili ya kuekspoti (kugeuza projeti ikuwe gemu yenye inaingia mu simu) zinashukaka pembeni na ziko nzito, inakaribia giga moja, kwa hiyo tafuta Wi-Fi ya mutu siku yenye utahitaji. Na ukifungua projeti mupya chagua Compatibility, ile namna nyepesi ya kuonyesha picha, juu simu nyingi za hapa haziwezi kubeba zile zingine.

Sasa hapa njo bantu bengi banapotelea: usichore. Nilichora chukudu majuma matatu, mbao, magurudumu na kaucho yake, mpaka kile kipande ya ndara chenye banawekaka mahali pa goti, na mu majuma hayo matatu hakuna kitu ilitembea kwenye ekrani. Fanya na karé. Karé ya kahawia njo chukudu, karé ya kijani njo mashu, musitari wa kulala njo barabara. Cheza hiyo siku mbili tatu. Kama karé hazifurahishe, rangi haitasaidia, rudilia namba: mwendo, uzito, nguvu ya freni. Kwangu freni ilikuwa inasimamisha chukudu mara moja sawa gari, nikaenda kusimama kando ya barabara nikaangalia babeba-chukudu, nikaona mutu anakanyaga kaucho nyuma na chukudu inaendelea kuteleza kwanza, inagoma, halafu njo inapunguza. Nilirudi nikabadilisha ile namba moja tu na gemu ikakuwa gemu.

Kisha peana simu kwa bantu, na unyamaze. Usielezee kitu. Nilipeana simu kwa kijana moja kwenye nyumba ya kushajia masimu, mukono moja iko na kitumbura, ingine inakamata simu. Kidole yake ilikuwa inafika kushoto tu, na freni nilikuwa nimeiweka kuume. Alipinduka mara sita, akanirudishia simu bila kusema kitu. Usiku hiyohiyo nikafanya ekrani yote ikuwe freni, uguse popote. Ningekuwa nimeanza kumufundisha, ningeondoka pale nikizani gemu iko sawa. Tafuta bantu watano hivi ba aina hiyo, andika kila mahali kwenye beko banakwama.

Picha na sauti njo zinakuja nyuma. Kama hujue kuchora, Kenney, mutu mwenye kutengeneza picha za magemu, anapeana maelfu ya picha za bure zenye unaweza kutumia hata kwa gemu ya kuuzisha. Sauti nilizikamata na simu, saa kumi na moja asubui mbele bamotari baanze, chukudu kwenye mawe, inalia vizuri sana.

Mwisho unachukua wakati kupita vile unazani. Menyu, pozi, kuchunga alama, simu ikiita katikati ya muchezo, byote hivyo havionekane mu wazo na vinakula mwezi. Na chunga kopi ya projeti kwenye fulashi kila jioni. Umeme ulikatika niko naandika, batri ilikuwa yenye kufa, nilipoteza kazi ya siku ine.

Ukiekspoti kwa Android, Godot inakuwaka imechagua arm64 peke yake, ile ya simu za 64-biti. Simu za bei ya chini mingi ziko 32-biti na zitakataa kuingiza gemu, kwa hiyo weka alama pia kwenye armeabi-v7a, njo ile ya 32-biti. Nilipitisha juma muzima nikitafuta kosa mu kodi yangu na kosa ilikuwa pale.

Kutoa: itch.io, tovuti ya kuweka magemu, ni bure na dakika kumi umemaliza. Google Play ni dola 25 mara moja, na kama konti ni ya mutu binafsi yenye imefunguliwa kisha 13 Novemba 2023, banaomba kwanza bantu 12 bajaribu gemu siku 14 mufululizo. Wale watano ba mwanzo anza nabo, ongeza basaba. Wakati munangojea hizo siku, peana APK (faili ya gemu ya kuingiza mu simu) kwa Bluetooth kwa mwenye kuomba, na ufungue ule ukurasa wa nyuma wa kaye. Mimi nilikuta humo mustari moja: mvua.