Vifaa vya kuandikia Dodoma: vipime kabla hujalipa

Vifaa vingi vya kuandikia hapa Dodoma havifi kwa kutumika. Vumbi la Julai, jua la Oktoba na mchwa wa mwaka mzima huvimaliza vikiwa bado vipya. Kwa hiyo ukienda dukani, jiulize mambo mawili: hiki kitu kinaandika vizuri, na kitakaa wapi hadi siku ya kutumika? Maduka ya steshenari yapo ya kutosha kuanzia Majengo hadi Sabasaba, na muuzaji mwenye mali nzuri hakatai ujaribu. Anayekataa, mwache na rimu zake. Kama unaweza, nunua kabla ya Januari. Wiki shule zinapofunguliwa foleni ni ndefu, muuzaji hana muda wa kukusubiri ujaribu kalamu, na daftari nzuri zimeshachukuliwa.

Karatasi ya A4: mzani hausemi uongo

Rimu ya A4 ni karatasi 500, na ile ya kawaida ya ofisini ni ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Karatasi moja ya A4 ni milimita 210 kwa 297, yaani 16 zake zinafanya mita moja ya mraba. Karatasi moja ya gramu 80 basi ina uzito wa takribani gramu 5, na rimu nzima ni kilo 2.5. Ya gramu 70 ni kilo 2.2 kasoro kidogo.

Hesabu hiyo inakupa kipimo rahisi. Omba kupima rimu kwenye mzani wowote wa dukani au wa sokoni, hata wa muuza maharage. Ikiandikwa gramu 80 na mzani ukasoma kilo 2.2, ama ni karatasi nyepesi iliyofungwa kwa jina la nzito, ama imepungua karatasi 50 au 60. Kujua ni ipi, hesabu karatasi; unene hautoshi, maana karatasi nyepesi nayo huwa nyembamba. Rimu yenye uzito pungufu na karatasi zisizofika 500 imepunjwa idadi.

Je, gramu 70 haifai kabisa? Inafaa kwa rasimu na kwa kuchapa upande mmoja. Tatizo ni mitihani. Chukua darasa la wanafunzi 45 na jaribio la kurasa nne. Ukichapa pande zote mbili unatumia karatasi 90, na rimu moja inatoa majaribio matano, zinabaki 50. Ukichapa upande mmoja kwa sababu maandishi ya nyuma yanaonekana mbele, unatumia 180, na rimu hiyo hiyo inatoa majaribio mawili tu. Akiba ya kununua karatasi nyepesi imeliwa hapo. Ili kujua kama karatasi inastahimili pande mbili, weka moja juu ya ukurasa uliochapwa herufi nyeusi nzito. Ukiweza kuyasoma maneno ya chini bila kuinamisha kichwa, ni nyepesi mno.

Wakati wa kiangazi hewa huwa kavu, na karatasi zikisuguana hujaa umeme tuli zikashikana. Mashine ya kudurufu inavuta mbili tatu kwa pamoja, inakwama, na fundi anaitwa bila sababu. Dawa ni kuacha rimu ndani ya karatasi yake ya kufungia hadi dakika ya kuitumia, kuipepea kwa vidole pande zote nne kabla ya kuiweka, na kutoacha karatasi kwenye trei wikiendi nzima huku dirisha likiwa wazi. Vumbi linalotua juu ya karatasi ya kwanza ndilo linaloingia kwenye magurudumu ya kuvuta.

Daftari na kauntabuku

Mtoto wa darasa la kwanza na la pili anaandika kwa penseli na anafuta sana, kwa hiyo kinachoshindwa kwanza ni karatasi yenyewe. Chukua daftari, andika neno moja kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho, futa mara tatu mahali pale pale. Karatasi mbaya inaota nyuzinyuzi au inatoboka. Kisha andika kwa kalamu: wino ukisambaa pembeni mwa herufi kama mizizi, karatasi inafyonza mno, na miandiko itakuwa na ukungu mwaka mzima. Kwa umri huu mistari iwe mipana, na daftari liwe jembamba. Daftari nene la kurasa 200 mikononi mwa mtoto wa miaka saba huchakaa jalada kabla hajafika katikati.

Fungua daftari katikati uone pini. Ziwe mbili, zimelala kabisa, bila kutu. Wazazi wengi husahau kwamba kwenye daftari la pini kila karatasi inabeba kurasa za mbele na za nyuma. Mtoto akichana moja ya mbele kutengeneza ndege, mwenzake wa nyuma analegea na kudondoka baadaye. Kwa hiyo kazi za kukabidhi mwalimu ziandikwe kwenye karatasi za rula, daftari libaki zima.

Sekondari ni habari nyingine. Kauntabuku, daftari kubwa lenye jalada gumu, huuzwa kwa kwaya (quire), yaani kipimo cha wingi wa karatasi zake. La kwaya mbili kwa kawaida lina kurasa 192, la kwaya tatu 288 na la kwaya nne 384. Masomo yenye maelezo marefu kama Historia, Biolojia na Jiografia yanastahili kwaya tatu. Hisabati nayo hula kurasa, ila ni afadhali ugawe: kauntabuku moja la maelezo na mifano, na daftari za kawaida za mazoezi zinazobadilishwa zikijaa. Kwaya nne tunaishauri kwa nadra. Kauntabuku saba za kwaya tatu ni zaidi ya kilo 3 mgongoni, kabla ya chupa ya maji na vitabu, na wapo wanafunzi wanaotembea kilomita kadhaa kila asubuhi.

Kauntabuku lazima liwe la kushonwa. Lifungue katikati ya kifungu kimoja cha karatasi, uutafute uzi kwenye mkunjo. Lililobandikwa kwa gundi tupu linaonekana zuri dukani, lakini gundi ikikauka kwa joto la hapa inakuwa ngumu, inavunjika, na kurasa zinatoka kwa mafungu. Kisha shika majalada mawili, uache karatasi zining'inie, utikise kidogo. Zikivutika kuacha jalada, lirudishe. Ukifika nyumbani livike karatasi ya kaki au kalenda ya mwaka jana. Nailoni ngumu inateleza na kuvutia vumbi, ingawa watoto wanaipenda.

Kalamu na penseli

Kalamu ya kawaida ya wino wa mafuta, ile yenye kijigololi nchani, ndiyo inayofaa zaidi hapa. Wino wake haukauki haraka na hauvuji kirahisi kwenye karatasi nyepesi. Kalamu ya jeli inaandika vizuri sana na inapendeza kwa kadi na kumbukumbu za mikutano, ila wino wake una maji, unakauka ikiachwa wazi na unaisha upesi. Usimnunulie mtoto jeli pekee kwa mwaka mzima.

Dukani usijaribu kalamu kwa kuchora duara moja tu. Andika sentensi nzima kwa kasi unayoandikia kawaida, kisha chora tarakimu ya nane mara kadhaa mfululizo. Kwenye kona za nane ndiko kijigololi kibovu kinaporuka au kumwaga donge la wino. Tazama pia kitundu kidogo ubavuni mwa kalamu. Kinaingiza hewa ili wino ushuke, na kikizibwa na gundi au lebo, kalamu itagoma ikiwa bado imejaa. Tundu la kwenye kofia lina kazi nyingine: mtoto akimeza kofia, hewa ipate pa kupita. Kwa watoto wadogo usichukue kofia isiyo na tundu.

Kalamu ikigoma, ile tabia ya kuchoma ncha kwa kiberiti iachwe. Joto linalegeza kikalio cha kijigololi, na kuanzia hapo kalamu inavuja kwenye mfuko wa shati. Iviringishe ncha juu ya soli ya raba ya kiatu au juu ya kifutio kwa sekunde kumi hivi. Mara nyingi kilichokwama ni chembe ya vumbi au mafuta ya kiganja, na huko kunaitoa. Kwa mitihani ya taifa rangi ni bluu au nyeusi. Nyeusi inatoka vizuri zaidi kwenye kudurufu. Kalamu za wino unaofutika kwa msuguano usizitumie kwa mtihani wala hati yoyote: wino wake hupotea kwa joto la nyuzi 60 hivi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inaweza kufika huko.

Penseli ni HB, hasa kwa wa darasa la saba wanaosiliba vivuli kwenye fomu zinazosomwa na mashine. H ni ngumu na inaacha alama hafifu, 2B na kuendelea ni laini na inapaka. Itazame penseli kwa nyuma: kiini cheusi kiwe katikati kabisa ya mti. Kikikaa upande mmoja, kila ukichonga kinavunjika, na lawama zinamwangukia mtoto. Ya pembe sita haibingiriki kwenye dawati. Penseli nzuri ikivunjika kila mara, angalia kichongeo. Wembe butu unapinda kiini badala ya kukikata. Kichongeo cha chuma chenye skrubu kinadumu kuliko vitano vya plastiki.

Kifutio cheupe laini kinafuta vizuri, ila kisilale kwenye mkebe kikigusa rula ya plastiki. Kuna mafuta ndani yake yanayohamia kwenye rula, na kwa joto vinashikana hadi alama za milimita zinafutika. Kiache kwenye kijikaratasi chake.

Rula ipime hivi: chora mstari, igeuze juu chini, chora tena kwenye nukta zile zile mbili. Mistari ikiachana katikati, imepinda. Kwa bikari, kaza, fungua sentimita 5, chora duara. Lisipofunga lilipoanzia, bawaba imelegea na mkebe mzima haufai, hata ukiwa na picha nzuri kiasi gani.

Ubaoni na ukutani

Chaki hupimwa kwa kuandika na kufuta. Nzuri inaacha alama nyeupe bila kukwaruza, na inafutika kwa dasta kavu. Nchini zinatengenezwa, zikiwemo za Maswa mkoani Simiyu, na jasi inayotumika kwa chaki za kawaida inachimbwa pia Itigi, jirani zetu wa Singida. Boksi likinyeshewa chaki hulainika na kukatika, kwa hiyo ziwekwe juu masika.

Maka peni za ubao mweupe ndizo zinazoliwa hovyo kuliko kitu kingine darasani. Zina kiyeyusho kinachoruka hewani, na kofia isiyofungwa hadi ikalia "ta" inaimaliza kalamu kwa muda mfupi. Zihifadhi zikiwa zimelala. Zikisimama ncha juu, wino unashuka na ncha inakauka. Kwa shule, chukua zile zinazojazwa wino wa chupa. Bandika kipande cha selotepu juu ya kila maka peni ya kudumu, maana zinafanana na siku moja mtu atazichanganya. Ikitokea, pitisha maka peni ya ubao mweupe juu ya maandishi yaliyoganda, ufute mara moja kabla wino haujakauka. Hiyo ya kudumu kazi yake halisi ni zana za ukutani: manila inapasuka kwa muhula mmoja, lakini kiroba cha sandarusi kilichokatwa na kunyooshwa kinabeba alfabeti au ramani miaka mingi, tena kinafuliwa vumbi.

Kwa stepla, soma namba iliyo chini yake. Inayosema 24/6 inabana hadi karatasi 20 hivi, na pini za namba 10 haziingii humo kabisa, ni za stepla ndogo. Panchi iache matundu mawili yenye umbali wa sentimita 8, vinginevyo hayatakaa kwenye boksi faili.

Risiti na mahali pa kutunzia

Mwalimu anayesimamia fedha, au mzazi mwenye kamati, atunze risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) kwa uangalifu. Ni karatasi inayoandikwa kwa joto, haina wino. Jua na mifuko laini ya plastiki huifuta ikabaki nyeupe. Idurufu siku hiyo hiyo, bana nakala pamoja na halisi kwenye bahasha ya kaki. Usiipitishe kwenye laminesheni, joto la mashine litaifanya nyeusi yote. Cheti halisi nacho usikilaminishe, maana plastiki haitoki bila kuchana karatasi.

Mwisho ni mchwa. Kabati lisigusane na ukuta, acha nafasi ya kiganja ili uone njia za udongo zikianza kupanda. Maboksi yakae juu ya matofali au mbao, kamwe si sakafuni. Kwa nyumbani, ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana inatosha rimu mbili na daftari za watoto. Inua kila boksi mara moja kwa mwezi, hasa mvua zinapoanza Desemba, uangalie chini yake.