Kilomita za baiskeli kwenye saa ya mkononi: jinsi ya kuzipata za kweli

Wadau wa baiskeli Tanga, tukitoka Raskazone mpaka Amboni na kurudi hapakosi ubishi, saa ya huyu imesoma hivi ya yule vile, na njia ni ileile. Kabla ya kubishana jueni kwanza kila saa inazitoa wapi hizo kilomita.

Saa nyingi za bei chee hazina GPS (ile ya kujua ulipo kwa setilaiti), zinahesabu hatua kwa kusikilizia mkono unavyocheza afu zinazidisha na urefu wa hatua yako. Sasa kwenye baiskeli mkono umetulia kwenye usukani, inahesabu nini? Kwenye lami inakupunja, ukiingia njia ya mawe ule mtikisiko nao inaweza kuuhesabu hatua. Hizo kilomita msizishike kabisa.

Kwa saa inayotumia GPS, weka modi ya baiskeli, sio ya kukimbia. Kama saa inaazima GPS ya simu basi simu uwe nayo, lokesheni iwe on na ile ya kubana chaji uitoe, la sivyo kioo kikizima GPS nayo inaweza kukatika na programu inaunga mstari ulionyooka tu toka pale ilipopotea. Simama uwazi, mbali na miembe na maghorofa, subiri ishike setilaiti ndo ubonyeze kuanza. Ukipata setingi ya kurekodi kila sekunde ichague, maana ile ya kuruka ruka inakata kona, na kona za Mombo kupanda Lushoto mnazijua wenyewe. Washa pia ile ya kuacha kurekodi yenyewe ukisimama, simu hata ikiwa uwazi inakosea kama mita 5 hivi, kwaiyo umekaa kijiweni unakunywa dafu na kidoti kinahamahama na kuongeza umbali wa bure.

Ila kwa kweli anayetaka uhakika afunge sensa ya tairi, kile kifaa kidogo cha kwenye gurudumu. Yenyewe inahesabu mizunguko na kuzidisha na mzingo wa tairi, miti haiihusu. Kazi ipo kwenye kupima huo mzingo, usikubali namba iliyokuja nayo. Jaza upepo unaotumia siku zote, weka valvu iwe chini kabisa, piga chaki pale chini, afu ukae juu ya baiskeli kabisa maana uzito wako unaibonyeza tairi, mwenzio akusukume taratibu kwa mstari ulionyooka mpaka valvu irudi chini mara tatu, piga chaki tena. Pima kwa tepu ya fundi, gawa kwa tatu. Tairi ya inchi 26 kwa 1.95 inakuja kama milimita 2050. Ukiacha 2100 iliyokuwemo, safari ya kilomita 40 itasoma karibu 41, kilomita nzima hujaikanyaga!

Ukibadili tairi pima upya. Na mkitoka kundi, wote bonyezeni kuanza na kumaliza sehemu moja, sio mmoja kaanzia kwake Chumbageni mwingine Raskazone afu mnalinganisha.