Somo: Kupima tabaka la mtoto katika utafiti wa afya

Mtoto hana kazi wala mshahara. Tabaka lake tunalisoma kwa wanaomlea, na hapo ndipo tafiti nyingi huharibika: dodoso linauliza kazi ya baba, baba asipokuwepo mtoto anaachwa nje ya hesabu.

Hatua ya 1. Amua unachotafuta. Elimu ya mama hugusa maarifa na ujasiri wa kuuliza maswali kliniki. Mali za kaya hugusa chakula, maji na makazi. Ukichunguza chanjo, anza na elimu. Ukichunguza udumavu, usiache mali.

Hatua ya 2. Uliza kazi za walezi wote wawili, kisha tumia iliyo ya daraja la juu. Swali liwe na sehemu mbili: anafanya kazi gani, na je, kuna watu anaowasimamia? Jibu la “yuko kiwandani” laweza kuwa la meneja au la mfagizi.

Hatua ya 3. Mtoto akijaza mwenyewe, muulize anachokiona, kwa maana kipato cha wazazi hakijui. Utafiti wa HBSC, utafiti wa kimataifa wa afya na tabia za wanafunzi wenye miaka 11, 13 na 15, umetumia maswali sita: magari, chumba chake mwenyewe, kompyuta, mabafu, mashine ya kuosha vyombo na likizo nje ya nchi. Alama ni 0 hadi 13. Kitu ambacho karibu kila kaya inacho hakitenganishi watu, kibadilishe.

Hatua ya 4. Wasio na kazi wapewe kundi lao. Hili nalisisitiza kuliko yote. Nchini Uingereza watoto ambao mzazi hakuwa na kazi ya kuandikwa walibaki nje ya madaraja ya kazi. Mwaka 1993 watafiti Judge na Benzeval walionyesha kwamba watoto hao, wengi wakiwa wa mama wanaolea peke yao, walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko kundi lolote. Ukiwaacha walio chini kabisa, pengo la afya kati ya matabaka linaonekana dogo kuliko lilivyo.

Hatua ya 5. Gawa kaya makundi matano, kuanzia maskini zaidi hadi tajiri zaidi, uyaangalie yote, si la juu na la chini tu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, wengi hawakujibu kuhusu kazi ya baba. Niwatoe?
Jibu: Hapana. Linganisha kwanza afya yao na ya waliojibu. Ikiwa mbaya zaidi, ukimya wao ni taarifa, uripoti kama kundi.

Swali: Naweza kujumlisha elimu, kazi na mali kuwa alama moja?
Jibu: Waweza, ila utajua pengo lipo bila kujua linatoka wapi. Mimi huziweka mbalimbali.

Swali: Nimepima kazi ya mama mtoto akiwa na miaka 12, nachunguza pumu iliyoanza utotoni. Kuna tatizo?
Jibu: Lipo, ndugu yangu. Huenda mama aliacha kazi ili amuuguze, na wewe utasema kukosa kazi ndiko kulikoleta pumu. Uliza alikuwa akifanya kazi gani kabla mtoto hajazaliwa, na utumie pia elimu yake, maana hiyo haiyumbishwi sana na ugonjwa wa mtoto.