Somo: Kuacha nyama, maziwa na mayai hapa Nairobi bila kuishiwa nguvu

Wanachama, hamjambo. Tangu mwezi uanze swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu: mtu akiacha nyama, samaki, mayai, maziwa na siagi, atakula nini humu mjini asije akazimia kwenye matatu? Huu ndio mlo wa kivegani, yaani mimea peke yake. Nimeufuata mwaka wa 7 sasa. Mimi si daktari. Ni mpishi wa nyumbani aliyefunzwa na miguu yake mwenyewe, na habari ya miguu nitaifikia.

Hatua ya 1: Ongeza kabla ya kuondoa

Wengi huanza Jumatatu kwa kutoa nyama kwenye sahani. Kinachobaki ni ugali na sukuma. Kufika Alhamisi njaa inabisha saa nne asubuhi, na Jumamosi mtu yuko Kenyatta Market anaelekeza kidole kwenye mbavu. Nyama ilikuwa na kazi sahanini. Ukiifuta kazi bila kuajiri mwingine, pengo utalisikia.

Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo usiache chochote. Hakikisha tu kila siku umekula jamii ya kunde mara mbili: maharagwe, ndengu, kamande, njahi, mbaazi, kunde zenyewe. (Ndugu zetu wa Tanzania, ndengu ya hapa ndiyo choroko yenu, tusije tukapotezana.) Nunua kwa gorogoro kule Nyamakima badala ya pakiti za supamaketi. Loweka Jumamosi usiku, chemsha Jumapili, gawanya kwenye vikopo. Asiye na friji ashike kamande: hazihitaji kulowekwa na huiva kwa kama nusu saa.

Maharagwe yachemke kweli kweli, hasa yale mekundu. Yakiwa nusu mabichi yana sumu ya kukutapisha usiku kucha. Kuyaacha kwenye moto wa kupashapasha tu hakutoshi.

Hatua ya 2: Protini

Hapa sitakaa, ingawa ndipo kila mtu anapotaka kukaa. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, na sisi wa mimea ni vizuri tukaribie gramu 1. Ukiwa na kilo 60, lenga 60. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina kama gramu 15. Njugu karanga gramu 100 zina kama 25. Tena mahindi yana upungufu wa kijenzi kimoja cha protini ambacho maharagwe yamejaa nacho, na maharagwe yana upungufu wa kingine ambacho mahindi yanacho. Aliyebuni githeri hakuwa na maabara, lakini hesabu yake imetulia. Si lazima vyote viwe sahani moja, mradi viwe siku moja.

Hatua ya 3: Vitamini B12, msiniruke hapa

Hakuna mmea unaokupa B12 ya kutegemewa. Si sukuma, si uyoga, si uji uliochachuka. Vitamini hii hutengenezwa na bakteria. Ng'ombe ana bakteria hao tumboni, ndiyo maana mla nyama anaipata. Neno la kuwaita watu kama sisi lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, na B12 yenyewe ilikuja kutengwa maabara mwaka 1948. Wale wa mwanzo walikuwa na kisingizio. Mimi sikuwa nacho.

Miaka miwili ya kwanza sikumeza chochote, kwa kiburi cha kusema chakula cha asili kinatosha. Ini huweka akiba ya B12 inayoweza kukuvusha hata miaka, kwa hiyo nilijiona mshindi. Kisha nyayo zikaanza kufa ganzi. Nilisingizia viatu vya Gikomba. Zahanati moja ya mtaani ilinipima damu, ikasema damu iko sawa, nikapewa vidonge vya maumivu. Kumbe mboga za majani zina foleti tele, vitamini nyingine ya kundi la B, na foleti inaweza kuziba dalili za upungufu wa damu huku neva zikiendelea kuharibika kimyakimya. Daktari wa pili ndiye aliyeagiza kipimo cha B12 chenyewe. Nikachomwa sindano kwa wiki kadhaa. Mguu wa kulia ulirudi wote. Kidole gumba cha kushoto bado hakijanisamehe.

Sasa nifanye nini? Mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 2.4 kwa siku, lakini mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya kidonge, kwa hiyo dozi za dukani ni kubwa. Chagua moja: kidonge cha mikrogramu 10 au zaidi kila siku, au mikrogramu 2000 mara moja kwa wiki. Ukifika kwa chemisti usiseme tu "nipe vitamini B". Soma pakiti. Baadhi ya michanganyiko ya vitamini B haina B12 hata chembe, na mingine imejazwa B6 nyingi ambayo ikitumiwa muda mrefu nayo huleta ganzi. Angalia pia ganda: kapsuli nyingi ni jelatini, na jelatini hutokana na ngozi na mifupa. Vidonge vigumu ni salama zaidi kwetu, ingawa navyo soma viungo.

Hatua ya 4: Chuma, na ugomvi wa chai

Madini ya chuma yamo kwenye kamande, maharagwe, njahi, terere na mbegu za maboga, lakini chuma cha mimea hakiingii mwilini kirahisi kama cha nyama. Kinataka msindikizaji, naye ni vitamini C. Maharagwe na kachumbari. Ndengu na ndimu iliyokamuliwa juu. Pera au chungwa baada ya githeri. Ndiyo kazi yote.

Adui yake ni chai. Tanini za chai, iwe strungi au ya tangawizi, zinaweza kupunguza chuma unachofyonza katika mlo huo kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo hivyo hivyo. Najua ninaongea na watu ambao chapati bila chai wanaiona ni adhabu. Sisemi muache, nasema muitenganishe na chakula kwa saa moja. Akina dada mnaopata hedhi, mahitaji yenu ni miligramu 18 kwa siku, ya wanaume ni 8, basi saa hiyo moja ni yenu kuliko yetu sote.

Kuloweka nafaka na kunde usiku kucha kisha kumwaga maji, kuchipusha ndengu, kuchachusha uji: yote hupunguza faiteti zinazofunga chuma na zinki. Magadi kwenye githeri sishauri. Hulainisha haraka, sawa, lakini huharibu vitamini C na B1.

Jambo ambalo watu hawalifuatilii: tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezwe vitamini na madini, chuma na zinki yakiwamo. Unga wa posho mill hauna nyongeza hiyo. Mimi nasaga wimbi na mtama posho mill, wa ugali nanunua wa pakiti.

Hatua ya 5: Kalsiamu iko kwa mama mboga

Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1000 kwa siku. Wimbi lina zaidi ya 300 katika kila gramu 100 za unga, na hakuna nafaka ya kawaida hapa inayolifikia. Uji wa wimbi uliochachuka siku mbili, ukikorogewa siagi ya karanga isiyo na sukari, ni kiamshakinywa kamili.

Upande wa mboga, sukuma wiki tunayoidharau ndiyo shujaa. Kalsiamu yake hufyonzwa vizuri. Spinachi ina kalsiamu nyingi kwenye karatasi, lakini ina oksaleti zinazoishikilia isiingie mwilini, na terere ina tabia hiyo hiyo. Kuleni tu, kwa sababu nyingine, ila msizihesabu kama maziwa.

Managu na saga zina tatizo la mapishi: wengi wetu tulizoea kuzilaza kwenye maziwa au malai ziache uchungu. Tumia tui la nazi, au karanga zilizosagwa ukazikoroga na maji ya uvuguvugu, umimine dakika tano za mwisho. Changanya na majani ya kunde uchungu utulie. Bibi yangu alionja akauliza maziwa ni ya ng'ombe gani.

Kwa kuwa sasa tunakula mahindi na karanga kuliko jirani, tuwe wakali na sumukuvu. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini, wengi Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Karanga iliyokunjamana, yenye ukungu au ladha chungu, tupa. Usiisage ukidhani itapotea kwenye mchuzi.

Hatua ya 6: Vilivyobaki

Chumvi iwe yenye madini joto, hii ya kawaida ya dukani. Ile ya waridi ya bei ghali kwa kawaida haina. Kijiko cha chia, au mbegu za kitani zilizosagwa, kila siku kwa mafuta ya omega 3. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa na karoti kwa vitamini A, vikiandamana na mafuta kidogo au ovakado. Jua tunalo, lakini anayeingia ofisini Upper Hill kabla halijapanda na kutoka limezama anaishi kama yuko Ulaya. Atoke mchana, au aulizie vitamini D akienda kupimwa.

Hatua ya 7: Kula nje

Kibandani uliza maswali matatu: chapati imekandwa kwa maziwa? Maharagwe yana malai? Mboga imekaangwa kwa mafuta gani? Mukimo mara nyingi huwa na siagi. Siku ukitaka kujipongeza, nenda mgahawa wa Kihabeshi, iwe Kilimani au Eastleigh, uombe chakula cha mfungo. Waorthodoksi wa Ethiopia kwa kawaida hawagusi chochote cha mnyama Jumatano na Ijumaa, hivyo wapishi wao wanaielewa lugha hii kuliko sisi. Shiro, ule mchuzi wao wa unga wa kunde, iagize bila siagi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kayole: Mwalimu, mimi ni wa mjengo, napandisha mawe gorofa ya nne. Hayo majani yatanifikisha saa kumi?

Majani hayatakufikisha, kaka, na sikuyaweka peke yake. Wewe shida yako itakuwa nguvu kabla ya protini, kwa kuwa chakula cha mimea hujaza tumbo upesi. Githeri iwe ya kupimiwa mara mbili, ovakado nzima juu yake, karanga mfukoni, nduma au viazi vitamu asubuhi. Ukiona suruali inalegea wiki ya pili, ongeza mafuta na karanga, usiongeze sukuma.

Mwanachama, Umoja: Dada, nina mimba ya miezi minne na nimeacha maziwa. Mama mkwe amekasirika. Nimemkosea mtoto?

Hujamkosea, mpenzi, lakini ganzi yangu ya miguu isikupate wewe na mtoto. B12 leo, si kesho: mahitaji yako yamepanda hadi mikrogramu 2.6, na ukinyonyesha 2.8, na mtoto anategemea yako. Vidonge vya chuma na foliki unavyopewa kliniki meza vyote. Waambie wazi huli maziwa wala mayai, waandike kwenye kitabu. Mama mkwe mpikie uji wa wimbi, mnywe pamoja.

Mwanachama, Roysambu: Gesi. Naishi na wenzangu watatu chumba kimoja.

Pole, na pole zaidi kwao. Loweka saa 12, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, endelea na maji mapya. Anza na ndengu na kamande, maharagwe yaje baadaye. Tumbo huzoea baada ya wiki chache.

Mwanachama, South B: Kuna mtu ananiuzia spirulina, ule unga wa mwani, anasema ina B12 ya kutosha hata ng'ombe aone wivu.

Mwambie asante. Sehemu kubwa ya kinachoonekana humo ni kifanani cha B12 ambacho mwili wa mtu hauwezi kukitumia. Pesa hiyo nunua kidonge, chenji inunue maembe.

Mwanachama, Kangemi: Baba ana kisukari, anatumia metformin, na ameniona nikila hivi anataka kujiunga.

Karibu, mzee. Kunde na mboga ni rafiki wa sukari yake, ila mambo mawili: metformin yenyewe hupunguza B12, kwa hiyo apimwe kabla hajaanza, na akibadilisha mlo ghafla sukari inaweza kushuka, basi daktari wake ajue ili dawa zipangwe upya. Asipunguze dozi mwenyewe.

Mwanachama, Kasarani: Mtoto wangu ana mwaka na nusu. Nimpe tunachokula sisi?

Mama, huyu usimpangie kwa somo langu. Tumbo lake ni dogo, na chakula chetu kina nyuzi nyingi. Atashiba kabla hajapata anachohitaji. Endelea kumnyonyesha, mwone mtaalamu wa lishe pale unapompeleka kupimwa uzito, na B12 ya matone iwe ya kwanza kuulizia. Maji ya soya ya kutengeneza nyumbani hayachukui nafasi ya maziwa.

Mwanachama, Lang'ata: Jumamosi tunaenda ukweni Machakos kwa ruracio (sherehe ya mahari) ya shemeji. Mbuzi watatu. Niseme nini nisionekane naringa?

Usihutubie. Piga simu leo, muombe shangazi wa jikoni akutengee muthokoi (mahindi yaliyokobolewa) kabla hajatia mchuzi wa nyama; Machakos hawakosi. Beba ovakado sita, za kugawa. Mbuzi atakapopitishwa, shika sinia, mpe mzee aliye karibu kipande kizuri, uendelee na mazungumzo. Nimefanya hivyo ukweni mara nne, na mpaka leo wanadhani mimi ndiye mgawaji nyama.