Ipe sauti menyu ya kuwashia laptop

Kwa tusioona wenye Windows na Ubuntu kwenye laptop moja: menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo laptop inapowaka, haisomwi na programu za kusoma skrini, yaani NVDA (ya Windows) wala Orca (ya Ubuntu), kwa sababu hapo mfumo wenyewe bado haujawaka. Iwekee mlio. Ukiwa Ubuntu, fungua faili la /etc/default/grub kwa sudo (yaani kwa ruhusa ya msimamizi), ondoa alama ya # mbele ya GRUB_INIT_TUNE="480 440 1", hifadhi, kisha endesha amri sudo update-grub kwenye terminal. Ukisikia mlio, kwa kawaida Enter inakupeleka Ubuntu. Windows iko chini. Mwombe anayeona akuhesabie mara moja tu ni mara ngapi ubonyeze mshale wa chini kuifikia, ukariri. Laptop nyingine hazitoi mlio huu kabisa, inaudhi kweli. Orca ikinyamaza, bonyeza Alt+Super+S (Super ni kitufe cha Windows); NVDA ikinyamaza, bonyeza Ctrl+Alt+N.