Somo: Kumtambua nondo Atlas na kufuata maisha yake

Nawaandikia mlioko Asia, kuanzia India hadi Indonesia, na wote mnaotumiwa picha za "nondo mkubwa kama sahani" msijue ni nani. Kitaalamu anaitwa Attacus atlas.

Hatua ya 1: Tazama ncha ya bawa la mbele. Wengi hukimbilia ukubwa. Kweli mabawa yakitanuliwa huweza kufika sentimita 24, lakini picha hudanganya. Ncha haidanganyi: imepinda, imechorwa jicho na mdomo, kichwa cha nyoka kabisa! Akitishwa hujiangusha chini na kupiga mabawa polepole, vichwa hivyo vikatikisika. Kisha tafuta vidirisha vya pembetatu katikati ya mabawa, visivyo na magamba, vinavyopitisha mwanga.

Hatua ya 2: Dume au jike? Dume ana papasi (vipembe vya kunusia kichwani) pana zenye manyoya. Za jike ni nyembamba, ila mwili wake ni mnene zaidi.

Hatua ya 3: Kagua majani ya miti ambayo viwavi wake hula: mlimau, mdalasini, mpera, mstafeli. Mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hivi. Kiwavi ni kijani cha kuelekea buluu, amefunikwa unga mweupe wa nta, na hukua kupita sentimita 10. Msimguse, akisumbuliwa hurusha majimaji yenye harufu kali.

Hatua ya 4: Kifukofuko. Ni ganda ambamo kiwavi hugeuka nondo, la hariri ya kahawia iliyofumwa ndani ya jani. Kiacheni mtini, kwa kawaida nondo hutoka baada ya mwezi hivi. Taiwan, vifukofuko vitupu vimewahi kutumika kama vipochi vya pesa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimemweka kwenye boksi na maji ya sukari, mbona hali?*
Ndugu yangu, mfungulie leo hii. Nondo mzima hana mdomo wa kulia. Anaishi kwa akiba aliyoiweka akiwa kiwavi, wiki moja au mbili tu. Jike hutulia karibu na kifukofuko chake akitoa harufu, na dume huinusa kwa papasi akiwa mbali sana. Kila usiku anaokaa kwenye boksi unamnyima nafasi ya kupata mwenzake.

*Anang'ata?*
Hapana. Atang'atia nini?

*Huku Tanzania yupo?*
Hayupo, dada. Lakini jamaa zake wapo. Mtafute Argema mimosae, wa kijani-manjano mwenye mikia mirefu; viwavi wake hula majani ya mng'ongo.