SOMO: Kula chai tow kway na tambi Singapore bila kuumiza mfuko

Hili ni kwa wanaopita Singapore na kutaka kushiba kwenye majengo ya vibanda vya chakula, yale wenyeji wanayoyaita hawker centre.

1. Kiti kwanza, foleni baadaye. Kuanzia saa sita mchana hadi saa nane wafanyakazi wa maofisini hujaa. Pakiti ya tishu juu ya meza maana yake meza ina mtu, usiisogeze. Weka yako, kisha kariri namba ya meza, maana vibanda vingine hukuletea chakula.

2. Tafuta kibao cha chai tow kway. Kimeandikwa "carrot cake", ila karoti haimo. Ni figili nyeupe iliyokunwa na unga wa mchele, ikapikwa kwa mvuke, ikakatwa vipande na kukaangwa na mayai, kitunguu saumu na figili ya chumvi iliyokatwakatwa. Sahani nyingi ni dola 3 hadi 6 za Singapore, kulingana na ukubwa.

3. Nyeupe au nyeusi? Nyeusi hutiwa sosi ya soya nzito na tamu. Nyeupe haina pa kujificha: utamu wake wote ni ukoko. Tazama karai kabla ya kuagiza. Mpishi mzuri huacha vipande vitulie hadi vishike rangi chini, anamwaga mayai, anasubiri yashikane, ndipo anageuza. Ukiona rundo lililokaangwa mapema limelundikwa pembeni, hama. Mvuke umeshalainisha ukoko. Pilipili itaje wakati wa kuagiza, kwa sababu hukaangwa humo humo.

4. Tambi. Watu wawili: sahani moja ya chai tow kway na moja ya tambi inatosha. Ukichukua nyeusi, usiongeze char kway teow, tambi bapa za mchele za kukaanga, nayo ina sosi ile ile tamu, utachoka katikati. Chukua Hokkien mee, tambi zilizoiva kwenye supu ya kamba na kuliwa na ndimu na sambal, yaani pilipili ya kusaga. Hiyo agiza kwanza, kwani huchukua muda: lazima tambi zinywe supu yake.

5. Rudisha trei. Tangu 2021 ni sharti la kisheria. Vyombo vya halali vina rafu yake, usichanganye.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, sisi tusiokula nguruwe tunafanyaje?*
Usikisie kwa macho. Vibanda vingi vya Kichina hukaangia mafuta ya nguruwe, na char kway teow mara nyingi huwa na soseji ya nguruwe pia. Tafuta cheti cha halali cha MUIS, baraza la Kiislamu la Singapore, ukutani. Geylang Serai na Adam Road kuna vibanda vingi vya Waislamu. Ukikosa chai tow kway, mee goreng ipo, yaani tambi za kukaanga.

*Kadi zinapokelewa?*
Usizitegemee. Beba noti ndogo. Wenyeji hulipa kwa kuskani msimbo kwa simu.

*Nikitaka kupika nyumbani Dar?*
Figili nyeupe gramu 500, unga wa mchele uliosagwa laini gramu 250, maji mililita 450, chumvi kijiko kimoja cha chai. Ikune figili, ipike na maji yake yenyewe hadi ilainike. Koroga unga kwa yale maji mililita 450, changanya na figili, songa kwenye moto mdogo hadi iwe kama uji mzito. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, pika kwa mvuke dakika 45. Ipoe, ilale kwenye friji usiku kucha.

*Nilifanya hivyo, ikavurugika kwenye kikaango.*
Dada, uliikata ikiwa bado ya moto, au hukuisonga ikashika kabla ya mvuke, unga ukazama chini na maji yakabaki juu. Sababu nyingine ni kikaango: mafuta yasipopata moto vizuri, vipande hunata, na ukivibandua vinapasuka. Tumia kikaango cha chuma, mafuta vijiko vitatu vya chakula, na vipande visipandane.